Baba wa Ukutani

Mshauri mpendwa, shikamoo. Nisaidie, maana mimi huku Guangzhou wananiita Gharib Mjuzi, hakuna bei inayonishinda, Mchina akisema meiyou, yaani hakuna, mimi namtolea mzigo stoo kwake mwenyewe, ila hili la nyumbani limenishinda na usingizi sina.

Mke wangu Fathiya yuko Mbagala, ni fundi cherehani, lakini pia ni mgambo, askari wa akiba, akiitwa anaacha cherehani anavaa gwanda anakwenda, wikiendi hii lindo, wikiendi ile mafunzo, na nilimkuta na kazi hiyo, sikulalamika, nilijisifu mtaani kwamba nimeoa ulinzi. Tatizo ni mtoto, Sufian, ana miaka mitatu, na kikosini kwao hawana pa kuwaweka watoto wala hakuna anayeuliza wanabaki na nani. Kwa ujanja wangu nikatuma kamera, ile nzuri yenye spika, ikafungwa ukutani sebuleni, nikawa nakaa mtaa wa Kangle huku kwenye karakana za nguo nasubiri mzigo wangu ushonwe huku namwangalia yaya kwenye simu, nikiona uji umepoa nasema, "Wewe Zainabu, pasha huo uji!", akikaa kidogo nasema, "Zainabu, mtoto ana kamasi!", mpaka binti wa watu akafunga virago, akamwambia mke wangu, "Dada, mimi siwezi kuishi na mzimu wenye mdomo."

Sasa Jumamosi iliyopita Fathiya yuko mafunzoni, simu zao wanaziacha getini, nikafungua kamera nikaona sebule tupu, kiatu kimoja cha Sufian katikati ya mkeka, basi. Nikaita, "Sufian! Sufian!" mpaka mafundi wa Kichina wakazima mashine wakanitazama, nikampigia jirani aliyeachiwa mtoto, hapokei, nikapiga tena, nikatoka mbio barabarani kama vile nikikazana nitafika Mbagala. Kumbe huyo jirani, Mama Respicius, alimbeba kwenda kumwogesha kwake. Mtoto mzima. Mimi ndiye sijapona.

Na bado. Jioni nikapiga video, mke wangu akamwambia, "Msalimie baba." Mtoto akaipa simu mgongo, akaenda chini ya kamera, akainua kipande cha chapati, akasema, "Baba, kula."

Mwezi ujao Fathiya anaitwa kambini wiki mbili, kulala huko huko. Mama Respicius amesema usiku hawezi, ana wajukuu. Nimemwambia mke wangu aache mgambo, kanijibu, "Anza wewe kuacha China." Mama mkwe yupo Tanga, ila siku ya harusi nilimwambia mbele za watu asihangaike, wajukuu zake watalelewa kwa teknolojia, naye akasema, "Haya baba, teknolojia ikiweza kumtawaza mtoto akitoka chooni utanijulisha." Sasa nampigiaje? Nimlazimishe mke wangu aache, au nimlete mtoto huku? Roho yangu iko mkononi.

Gharib, Guangzhou

*

Gharib mwanangu, marahaba. Nimekucheka weee, nilipofika kwenye ile chapati nikaacha.

Pole kwa ile sebule tupu. Lakini yaya hakufukuzwa na gwanda la mkeo, kafukuzwa na mdomo wako. Mkeo mwache. Gwanda ulipojitambia lilikuwa tamu, leo limekudai na wewe ndiyo limekuwa baya? Na mtoto umlete huko alale wapi, juu ya marobota huku baba anabishana bei? Acha hayo.

Piga simu Tanga leo. Usimtume mkeo. Usianze na zawadi, anza na samahani, kisha sema wazi: "Mama, teknolojia haiwezi kumtawaza." Atacheka. Nyamaza umwache acheke, ni haki yake. Halafu mwombe aje.

Zainabu naye mwombe radhi, na hiyo spika izimwe. Fathiya asilie peke yake: kikosini wamo akina mama wengine wenye watoto wadogo, na akina baba pia. Wakae, waende pamoja kwa kamanda kabla ratiba haijapangwa, waombe waitwe kwa zamu, anayebaki awalee na wa wenzake. Kuomba kwa adabu si uasi.

Sasa wewe. Siku ya kontena lako kufika unaijua, siku mkeo anaitwa huijui. Hizo wiki mbili za kambi ni zako. Mzigo mwachie mwenzako unayemwamini, nenda uwanja wa Baiyun, panda ndege. Mama mkwe awepo, maana peke yako huwezi, usijidanganye.

Ukifika, Sufian atakukimbia. Usimfukuze wala usimwite. Kaa kwenye mkeka, chini ya ile kamera, uichomoe yeye akiona. Kisha ungoje chapati.