Gemu Letu Halitishi Tena, na Kaka Hanisemeshi

Bibi wa gazetini, shikamoo. Najua wanaokuandikia ni watu wenye ndoa zinazoyumba na mimi nakuja na habari za gemu, lakini nakuomba usinitupe, nisaidie, maana nimempoteza kaka yangu kwa ajili ya gemu hilo na sijui nimrudie kwa njia ipi.

Mimi ni fundi wa miwani, kazi yangu kusaga vioo, nina miaka thelathini na nne. Kaka amenipita miaka mitatu na hatuna ndugu mwingine. Tulipokuwa wadogo lilitoka gemu la kutisha, mlinzi anaingia kwenye jengo la ghorofa lililohamwa na watu, ana tochi yenye betri mbovu na risasi sita tu, na zimwi lenyewe unaweza kucheza saa nzima hujaliona, unasikia tu hatua zake juu ya dari. Tulikuwa tukicheza saa nane mchana, tunatundika blanketi dirishani ili kuwe giza, kaka ameshika padi ya kuchezea na mimi nimekaa mkekani nachora ramani kwenye karatasi ya khaki ambayo mama alikatia vipimo vya nguo, mlango uliofungwa nauchora kwa nyekundu, ulio wazi kwa bluu, kwa penseli moja yenye rangi huku na huku. Mama alikuwa chumba cha pili anashona, na cherehani yake ikinyamaza ghafla sote wawili tunapiga kelele, naye anacheka hadi uzi unakatika.

Bibi, matoleo yaliendelea kutoka, la pili, la tatu, na kila lilipotoka ilikuwa lazima tucheze pamoja, hadi kazi iliponipeleka mji mwingine miaka mitatu, na la saba na la nane kaka akacheza peke yake, na ndiko alikozoea huo upuuzi wa mshale, maana siku hizi kuna mshale wa njano unakuonyesha pita hapa, fungua pale, kama mtalii. Niliporudi likatoka la tisa. Nikaenda kwake na karatasi yangu, nimekaa tayari, na dakika kumi hazijapita zimwi hilo hapo, limesimama kwenye taa, meno yote nje, na kaka ana bunduki nne, analimiminia risasi huku anacheka, anaufuata mshale, na mimi sijachora hata chumba kimoja. Nikamwambia wametuuza. Akasema, "Dada, kaa ucheze, usianze." Nikamwambia, "Wewe ukiridhika na takataka hii, basi lile la kwanza hukuwahi kulielewa." Akazima mashine. Akasema, "Nenda nyumbani, mchora ramani."

Ni miezi mitano sasa. Wiki iliyopita ameniletea bahasha kazini, akaiacha kwa mpokea wateja bila kuniulizia. Ndani hamna neno, kuna karatasi ya khaki imekunjwa, tupu, na penseli ya nyekundu na bluu, mpya. Nikajua ananikejeli, kwamba sina kazi tena. Bibi, niombe msamaha kwa kusema ukweli? Au nisubiri la kumi, labda litakuwa zuri, tupatane?

Mimi, Fundi Miwani

*

Marahaba, mjukuu wangu. Darasa sikuwahi kuliona kwa ndani. Mke wa mwanangu ndiye hunisomea barua zenu na kuandika ninayosema. Yako alianza kuisoma akicheka, nikamwambia acha kucheka, huyu analia, anza upya.

Kwanza nikupe haki yako. Nilimtuma mkwe aazime hiyo mashine, akanichezea la kwanza na la tisa. Lile la kwanza nilimshika mkono nikamwambia usifungue huo mlango, na moyoni nataka aufungue. La tisa zimwi lilipotokea na meno yake, nikauliza, "Huyu anauza nini?" Nikaagiza chai. Hofu ni mgeni anayebisha hodi, na wewe ndani hujui ufungue au usifungue. Akishaingia, akakaa sebuleni, akavua viatu, huyo ni mpangaji. Nimehadithia watoto miaka hamsini, najua. Waliotengeneza gemu lenu waliogopa watu watachoka kungoja, wakaleta zimwi mapema na bunduki juu yake. Hujakosea.

Lakini kuna kitu huwezi kuwadai hao watengenezaji. Ulikuwa binti mdogo, na cherehani ya mama ilikuwa chumba cha pili. Hata wakitoa la ishirini, ile cherehani hawataiweka ndani. Usiwalaumu kwa hilo.

Sasa kaa vizuri nikuseme. Kusema gemu ni bovu ni kweli. Kumwambia ndugu yako hakuwahi kuelewa, hiyo si kweli, hilo ni jiwe, na ulilirusha ukijua linaangukia wapi. Aliyekuwa akiingia kwenye ile milango ni nani? Wewe ulikuwa mkekani na penseli.

Na umeniambia jambo kubwa kisha ukalipita kama jirani anayekudai chumvi. Umesema la saba na la nane alicheza peke yake. Mtu ana mikono miwili, yote imeshika padi. Nani angemchorea? Miaka mitatu mkeka wako ulikuwa mtupu, mshale ukaja ukaukalia. Si kwamba aliupenda, mjukuu wangu. Ndio uliokuwepo. Wewe ukarudi, badala ya kusema "sogea, mwenyewe nimefika," ukamtukana aliyekaa na mshale.

Tuje kwenye bahasha. Mtu wa kejeli haendi kutafuta penseli ya rangi mbili, kitu ambacho mkwe wangu amezunguka maduka matatu hajakipata. Na karatasi ya khaki ameitoa wapi kama si kabatini kwa mama yenu? Mjukuu wangu, barua zote zinazokuja hapa nasomewa. Hiyo moja nimeisoma mwenyewe. Imeandikwa: njoo.

Basi usingoje la kumi. Jumamosi hii, saa nane mchana, nenda. Usimpigie simu kwanza, mtaanza kubishana kabla hujavaa viatu. Beba blanketi. Akifungua, mwambie, "Kaka, nilikukosea," ufunge mdomo hapohapo. Ukiongeza "lakini," nitajua, na nitakuja mwenyewe na fimbo yangu. Kisha mwombe auzime mshale. Mkwe anasema unazimwa humo humo ndani ya mashine, wala si kazi. Gemu likiwa bovu, liwe bovu mkiwa wawili, mlicheke pamoja.

Ukifika keti chini, pale pako. Na kabla hajawasha chochote, kunjua karatasi yake. Chumba cha kwanza kiwe sebule yake. Mlango uchore kwa bluu.