Udi wa Magharibi na Kifua cha Rukia

Jumatatu, baada ya alasiri. Mvua imenyesha tangu alfajiri na nyumba nzima yanuka nguo mbichi.

Nimekaa kwenye ngazi naandika kwenye simu yangu, maana hapa ndipo pahali pekee katika nyumba hii ambapo mtu anaweza kuvuta pumzi akashiba. Chumba chetu kiko chini. Dirisha lake moja latazamana na ukuta wa jirani, na ukuta wetu wenyewe umeota ukungu mweusi. Nausugua leo, kesho umerudi. Huku Kuze, katika Mji wa Kale, nyumba zimebanana hivi tangu enzi na enzi, na wageni huja kuzipiga picha. Wao hawalali ndani.

Binti yangu Rukia, wa miaka minne, amelala mapajani pangu. Kifua chake chalia miluzi.

Jana alibanwa tena, mbavu zikawa zaingia ndani kila akivuta pumzi. Leo asubuhi nikamkimbiza kliniki. Wakamtia mashine ya mvuke, akapata nafuu, alhamdulillahi. Kisha daktari, msichana mdogo kuliko mimi, akaanza maswali. Mwapikia nini? Chumba kina hewa? Mtoto ala nini? Mwafukiza udi?

Nilijibu kama mwizi aliyeshikwa. Twapikia makaa, na kwa mvua hii jiko limeingizwa ukumbini. Hewa hakuna. Mtoto ala mahamri na chai ya rangi, asubuhi na jioni. Na udi, ewe daktari, sisi ni watu wa Mji wa Kale, watuulizaje udi?

Hakucheka. Alinieleza kwamba mapafu ya mtoto yangali yakikua, na yanakua kwa chakula kama mwili wote: mayai, samaki, mboga, matunda. Mtoto asiyekula vizuri, kila mafua madogo humshukia kifuani. Na moshi ndio adui wake, uwe wa makaa au wa udi. Akanipa inhela, ile dawa ya kuvuta kwa mdomo, na kuniambia kwamba inhela peke yake haitafua dafu.

Haya. Sasa njoo wewe umwambie mamamkwe.

Nyumba ni yake. Amenipokea kama bintiye wa kumzaa, na sijawahi hata siku moja kumkatiza maneno. Lakini kwake yai latia makohozi, chungwa ni baridi, na samaki asubiri kifua kipone. Na kila magharibi hufunga dirisha, akawasha chetezo cha udi, akamsimamisha Rukia juu yake na kumfunika leso gubigubi mpaka moshi wote umwingie, ndipo jicho la watu limtoke. Rukia apenda mno. Hutoka mle akikohoa, akiuliza kama amenukia.

Nilimpigia simu Baba Rukia, yuko kazini bandarini. "Zungumza naye wewe," akasema, "nyinyi wanawake mwaelewana." Mwanamume mzima! Nikamkatia simu.

Basi nikaona nizunguke. Nilimwambia mamamkwe kwamba daktari ataka mtoto apelekwe Kizingo kila jioni apigwe na upepo wa bahari, turudi baada ya isha. Nikajiona mjanja kweli kweli.

"Vyema, mwanangu," akasema. "Basi n'tamfukiza mkirudi, alale nao."

Nilitaka kucheka, nikashindwa.

Nadhani aliuona uso wangu, maana alinishika mkono, akaniambia nisiogope, dawa hii yeye yuwaijua. Kifungua mimba wake, Salim, alikuwa na kifua hiki hiki. Nilijua kwamba aliwahi kufiwa na mtoto. Sikujua alifiwa na nini. "N'kimfukiza asubuhi na jioni, mwanangu. Hata siku ile ya mwisho n'limfukiza. Sikumwacha hata kidogo."

Salim alikuwa mkubwa kama Rukia. Alimfia mikononi, katika chumba hiki hiki tunacholala sisi.

Nimenaswa. Nikinyamaza, namuua mwanangu kwa adabu. Nikisema, namwambia mama wa watu kwamba... hata kuandika siwezi. Na huenda si udi uliomuua Salim, mtoto aweza kufa kwa mengi. Lakini yeye atajiuliza, na atakwenda kaburini akijiuliza. Nina hasira, wallahi, na sina wa kumkasirikia. Angekuwa mwanamke mbaya ningejua la kufanya.

Namsikia huko ndani akitafuta kiberiti. Rukia amefumbua macho, ataka kwenda kwa nyanya yake.

Sawa. Naingia nimwambie sasa hivi, kabla makaa hayajashika. Nitataja udi, nitataja jiko, nitataja mayai. Salim sitamtaja.

Najua yeye ndiye atakayemtaja.