Tausi Chini ya Aproni

Zhengzhou, 2 Mei 2016

Dada Mkubwa Fengxian,

Kaa chini kwanza. Umekaa? Basi sikia: katika mji huu wote hakuna mwanamke mwenye bahati kama mdogo wako. Salamu zitafuata, bahati haipangi foleni.

Juzi napita zangu mbele ya lile duka kubwa la nguo karibu na stesheni, lile la vioo mpaka juu. Nasikia nyuma yangu, "Dada! Dada, simama!" Nikadhani nimedondosha kitu. Kumbe ni mwenye duka mwenyewe, hereni za lulu masikioni, anakimbia na viatu vya visigino, anahema. "Hayo mabega!" ananiambia. "Miaka yote natafuta mabega kama hayo!" Akaniingiza ndani, akanipima mbele na nyuma, akasema atanishonea qipao ya bure: nyekundu, ya hariri, kola imesimama, mpasuo ubavuni. Shida yake ni moja tu, nipite nayo mjini watu waulize imetoka wapi. Jana nimeichukua. Ina tausi wawili kifuani na mikia yao inashuka mpaka magotini. Nilipojitazama kwenye kioo nilijisalimia, nikidhani ni mgeni.

Haya, hujambo? Magoti yanasemaje? Upepo wa Dalian umepungua ubaridi? Mwanao na mkwe wako wanakulisha vizuri? Ningekupigia simu, lakini masikio yako tuliyaacha kiwandani, kwenye zile mashine za kufuma, kwa hiyo naandika. Herufi zikienda upogo unisamehe, shule mimi niliionja tu.

Sisi wazima. Baba yake Lingyu bado yuko Xinjiang anajenga barabara, ametuma zabibu kavu na salamu; zabibu tumekula, salamu nakuletea wewe. Kibanda kinaenda. Hulatang yangu ndiyo supu kali kuliko zote mtaani, na feni ya jiko inanguruma mpaka mimi na Lingyu tunaongea kwa mikono, lugha yetu ile ya kiwandani. Akija kunisaidia ananyanyua ngumi, kidole kinavuta uzi hewani: uzi haujakatika, kila kitu sawa. Wateja wanatuona wachawi.

Mtihani wake mkuu wa kuingia chuo kikuu ni tarehe saba na nane Juni. Siku ya kwanza kina mama husimama getini na qipao nyekundu, kwa ajili ya heri ya mtoto. Mwaka huu na mimi nitasimama. Mbele kabisa!

Mdogo wako mwenye mabega,
Cuiping


Dalian, 11 Mei 2016

Cuiping mdogo wangu,

Barua yako imefika inanuka pilipili manga, nikajua u mzima kabla sijaifungua. Mimi mzima. Magoti yanalalamika, nimeyaacha yalalamike. Mkwe wangu ananilisha samaki kila siku, nahofia kuota mapezi.

Nimefurahi kwa qipao. Nina maswali machache tu. Huyo mwenye duka alikimbia na visigino akakupata wewe, unayekimbizana na mgambo kila wiki? Na hao tausi, siku hizi bado wanafuma tausi kwenye hariri? Nilidhani waliisha na enzi zetu. Nikatie kipande kidogo kwenye upindo, unitumie. Masikio yamekufa na macho yanafuata, lakini vidole vya mfumaji havidanganywi.

Halafu lile shuka la hariri nililokupa kwenye arusi yako, libadilishie dawa ya nondo, kiangazi hicho kinaingia. Ndiyo zawadi pekee niliyopewa kiwandani, mwaka ule niliochaguliwa mfanyakazi bora, na wewe uliapa Lingyu atajifunika nalo akiolewa.

Na jambo moja hukuniambia. Nakujua tangu una miaka kumi na saba, nikikufundisha kufunga fundo la uzi. Hujawahi kuvaa kitu kisichofulika kwenye ndoo. Leo hariri. Nini kimekupata?

Dada yako mkubwa,
Fengxian


Zhengzhou, 18 Mei 2016

Dada Mkubwa,

Natumai magoti yamenyamaza na mapezi hayajaota. Sisi hatujambo, kwa maana ya kwamba hakuna aliyelazwa.

Kipande nitakutumia. Mwenye duka amekataza upindo usikatwe, ni mama mkali sana. Shuka lipo, linakusalimia.

Umeniuliza nini kimenipata. Mwezi wa tatu kulikuwa na kikao cha wazazi. Nilitoka kibandani moja kwa moja, na aproni, na vile vifuniko vya mikono vya kitambaa mpaka viwiko. Nikakaa. Baba wa mbele akapiga chafya. Mkewe akapiga chafya. Safu nzima, mmoja baada ya mmoja, kama fataki za mwaka mpya, mpaka mwalimu naye. Pilipili manga ilikuwa kwenye nywele, Dada, ndani kabisa. Mimi si unanijua, nikasimama nikasema, "Afya njema jamani! Leo harufu ni ya bure, supu ndiyo ya kulipia!" Wakacheka wote. Lingyu akaangalia meza. Siku tatu hakusema na mimi, hata kwa mikono.

Ndipo nikasema, siku ya mtihani atamwona mama mwingine.

Sasa jana nimeivaa nimwonyeshe. Alikuwa na vitabu vyake. Nikazunguka kama mcheza ngoma wa bustanini. Akafunga kitabu.

"Mama, usije getini."

"Kwa nini?"

"Watu watakutazama."

"Si ndiyo maana nimevaa?"

"Mama, tafadhali. Unaonekana kama umeazima mtu."

Nikacheka. Halafu nikaenda kuosha sufuria zilizokuwa safi.

Mwanamke wa miaka arobaini na nane anavaa nini, Dada? Nikivaa aproni mimi ni chafya. Nikivaa hariri mimi ni kichekesho. Sura ya katikati siijui, sijawahi kuwa na nafasi ya kuitafuta. Mtoto ataingia mle ndani, miaka kumi na miwili ya shule imefungwa kwenye siku mbili, na akitoka analia atamlilia nani? Nguzo ya geti?

Wewe ulikuwa na umri wangu huu huu siku tulipofukuzwa kiwandani. Nakukumbuka. Koti la kijani, mdomo mwekundu, unatoka geti kuu kana kwamba kiwanda ndicho kinakuaga kwa heshima. Mimi nyuma yako na tumbo la Lingyu, nikasema moyoni, nikikua niwe kama huyu. Nimekua. Mbona siwi? Ulijuaje cha kuvaa?

Mdogo wako,
Cuiping


Dalian, 26 Mei 2016

Mdogo wangu,

Mimi ni mzima, tusipoteze wino hapo.

Siku ile majina yalibandikwa ukutani. Langu la tatu, lako la arobaini na moja. Wenzetu wakapita mlango wa pembeni, ule wa mikokoteni, wasionekane. Sisi tukapita geti kuu. Unayoyakumbuka ni kweli, lakini uliyatazama kwa nyuma. Nikuonyeshe mbele, sijamwambia mtu mpaka leo.

Koti lilikuwa la marehemu kaka yangu. Nililigeuza ndani nje kwa sababu nje palikwisha. Mdomoni hapakuwa na rangi ya dukani. Nilichana pembe ya ile karatasi nyekundu ya mwaka mpya mlangoni, nikailamba, nikaibana kwa midomo. Nilitembea polepole si kwa madaha, magoti yalikuwa yanagongana. Na mkono wako, Cuiping. Unasimulia kila mahali kwamba nilikushika mkono kwa sababu ulikuwa mjamzito. Nilikushika nisianguke.

Kesho yake nikaenda kuuza soksi darajani na koti lile lile, sikuwa na jingine. Na karatasi ile ile, mpaka ikaisha rangi. Baada ya miezi miwili watu wakaanza kuniita Mama Koti la Kijani, wanatoka mitaa ya mbali. Eti nina mtindo! Nilikuwa nimevaa nilichokuwa nacho siku nilipokosa pa kujificha, basi. Halafu sikukivua.

Nenda getini. Aliyekwambia usije ni mtoto anayeogopa mtihani, si mtu aliyekuchoka. Simama nyuma ukitaka, lakini simama. Magoti yakigongana tembea polepole, watasema madaha.

Ndani ya bahasha kuna karatasi. Lamba upande unaong'aa.

Na kipande changu bado nakisubiri.

Dada yako,
Fengxian


Dalian, 5 Juni 2016

Cuiping,

Mbona kimya? Siulizi kipande. Nakuulizia wewe.

Dada


Zhengzhou, 9 Juni 2016

Dada Mkubwa,

Tuko hai! Tumepumua! Nilianza barua mbili nikazichana, ndiyo maana ya kimya. Afya yangu njema, isipokuwa paja la kushoto limebabuka kwa jua, utaona kwa nini.

Tarehe saba nilivaa qipao alfajiri, nikafunga aproni juu yake, nikaenda kibandani, maana watahiniwa nao wanakula. Nainama kuinua sufuria la pili, nasikia krrr. Mshono wa ubavuni umeachia, toka mpasuo mpaka karibu na kwapa. Mzee Luo, mteja wangu wa maandazi mawili kila asubuhi, akageukia ukutani na bakuli lake. "Cuiping, sijaona kitu," akasema. "Lakini nilichokiona ni kizuri."

Kurudi kubadilisha hakuna muda. Nikaizungusha aproni ikakaa upande wa kushoto, ile ya bluu yenye picha ya jogoo, tangazo la unga, nikaikaza kamba, paja tu likabaki juani. Vifuniko vya mikono nikasahau kuvua. Nikalamba karatasi yako, nikabana midomo, nikaenda.

Getini wekundu mtupu, kama pilipili zimeanikwa. Kina mama wameshika maua ya alizeti, wananukia vizuri. Mlinzi akanipungia mkono: "Mama, wauza chakula ng'ambo ya barabara!"

"Siuzi," nikamwambia. "Mimi nimezaa. Yuko ndani, chumba cha kumi na nne."

Akacheka, akanipisha. Mbele sikwenda, Dada. Magoti. Nilitembea polepole mpaka nyuma kabisa, kwenye nguzo ya taa. Nikasikia mama mmoja anamwambia mwenzake, "Umeona madaha ya yule wa jogoo?" Nikakuombea maisha marefu.

Lingyu alishaingia. Mchana alikula humo humo ndani na wenzake. Mimi sikubanduka. Jioni ilikuwa hisabati, na hisabati ndiyo adui wake tangu utotoni. Geti likafunguliwa. Msichana wa kwanza kutoka akakaa chini kwenye lami akaanza kulia, mama yake naye akakaa chini na hariri yake yote. Nikaishika nguzo ya taa.

Nikamwona wangu ngazini. Hashuki. Anatafuta, Dada! Yeye aliyesema usije! Macho yanapita kwenye ule wekundu, yanarudi, yanapita tena, wote tumefanana. Kelele hairuhusiwi pale, hata magari yamekatazwa honi, siwezi kumwita. Halafu macho yakamgonga jogoo. Yakasimama. Akainua mkono juu ya vichwa vya watu wote, ngumi, kidole kikavuta: uzi haujakatika.

Nikamjibu, na vifuniko vyangu vya mikono, na supu kwenye kiwiko. Sikuweza kusema mzaha wowote. Mimi!

Akaja anasukuma watu. "Mama, mbona umejificha huku?"

"Si ulisema nisije?"

"Nilisema hivyo?" Uso mkavu kama wa hakimu aliyepoteza faili. Kisha akaweka pua kwenye bega langu, mbele ya shule nzima, akavuta pumzi. Akapiga chafya. Tukacheka mpaka mlinzi akatuonyesha kidole cha nyamazeni. "Kesho wengine watavaa ya kijani, heri ya siku ya pili," akaniambia. "Wewe njoo hivi hivi, nikuone haraka. Ila una rangi kwenye meno."

Na jana nikaenda hivi hivi, jogoo, tausi na yote, na nikasimama mbele. Kina mama wakanipisha. Hesabu anasema alizimaliza, mbili za mwisho alikisia. Sasa hivi analala, saa ya kumi na moja mfululizo hii, anakoroma kama baba yake. Leo nimefungua kibanda na qipao, nimeushona ubavu kwa uzi wa bluu, uonekane. Mzee Luo amesema sasa sina budi kupandisha bei. Nadhani sitaivua tena.

Jambo la mwisho. Pale getini mama mmoja alishika mkono wangu, akasugua kitambaa. "Hariri hii umeipata wapi? Siku hizi haipo." Nikafungua mdomo nimsimulie mwenye duka na hereni zake. Lingyu akanitazama. Nikaufunga.

Kipande ulichoomba kimo ndani ya bahasha hii, ni ncha ya mkia. Vidole vyako vitakuwa vimeshakitambua kabla hujafika hapa. Lile duka niliingia kweli. Msichana wa mle aliitazama mikono yangu, akasema, "Shangazi, za saizi yako hatuna. Jaribu ghorofa ya chini, kwenye sufuria." Nikarudi nyumbani, nikafungua sanduku, nikalikata shuka lako la arusi kwa mkasi wa jikoni. Hakuna mtu aliyenikimbilia, Dada. Nilikudanganya.

Mdogo wako,
Cuiping