Windsor Hawamwiti Mteja

Slough, 16 Juni 2025

Dada Yustina,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, namshukuru Mungu, ila baridi ya huku haijui kwamba ni Juni.

Jumamosi nilikwenda kutembea Windsor. Dada, lile kasri limeukalia mji kama kuku anayeatamia! Nimelizunguka mpaka miguu ikawaka moto, kisha nikaingia madukani. Nikaona shali ya sufu, zambarau ile anayoipenda mama. Nikaigeuza huku na huku, nikavuta uzi, nikataja nusu ya bei. Muuzaji akatabasamu tu, "Samahani, mpenzi." Basi nikafanya ulivyonifundisha huko Guangzhou, sokoni Guangyuan Xilu: nikairudisha, nikaondoka polepole bila kugeuka, nikisubiri kuitwa. Nikafika mlangoni. Nikafika kona. Hakuna "lai, lai!" ya kuniita njoo, njoo, wala nini. Nikacheka peke yangu, halafu machozi yakanitoka mbele ya watalii.

Nimepakumbuka, dada. Wapagazi wakipiga kelele na marobota yao, wali wetu wa mtaani Sanyuanli, hata wewe ukinigombeza. Mkataba wangu wa kutunza wazee unaisha Agosti. Nataka nirudi tuwanunulie wateja wa nyumbani mizigo pamoja kama zamani. Nafasi yangu bado ipo?

Mdogo wako,
Kissa

Sanyuanli, 24 Juni 2025

Mdogo wangu Kissa,

Marahaba. Mgongo haujambo, joto ndilo linatuua. Nimecheka mpaka jirani akagonga ukuta. Unakwenda kukata bei mlangoni kwa mfalme! Ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Rudi ukalipe walichoandika, mama apendeze.

Mama Chen, yule bosi wa masweta, anakuulizia kila siku: "Yuko wapi mdogo wako mbishi?" Heriel wa kwaya amepata mtoto wa kike. Kula vizuri, na usitoke bila koti.

Dada yako,
Yustina

Slough, 1 Julai 2025

Dada,

Shikamoo. Shali ninayo, nimelipa bei yao bila ubishi. Lakini umenisimulia mpaka mtoto wa Heriel, swali langu ukaliruka. Nafasi ipo au haipo? Nimeshamwambia meneja siongezi mkataba. Kama nimekukosea, niambie.

Kissa wako

Tukuyu, 3 Agosti 2025

Mdogo wangu,

Hujambo? Sisi wazima, mama anakusalimu. Usishtuke kuona Tukuyu hapo juu.

Barua yako ya kwanza ilinikuta nafunga mizigo. Wateja wetu siku hizi wanaagiza wenyewe kwa simu, hawamhitaji tena Yustina wa kuwachagulia. Nilitaka kukuambia, nikashindwa. Ulivyopakumbuka kwa utamu ule, niliona nikisema nitakunyang'anya hata hiyo kumbukumbu. Siku ya mwisho nilipokwenda kuaga, mama Chen alinikalisha kwenye kigoda chake, akanimiminia chai, na kwa mara ya kwanza hatukuongea habari za bei. Nililia njia nzima mpaka stesheni.

Kwa hiyo Guangzhou usiende, hutanikuta. Njoo huku. Chumba ni kimoja, mama anakoroma, na mvua unaijua. Sina kazi ya kukupa, Kissa. Nakutaka wewe tu.

Mama kila asubuhi anauliza utafika lini. Nimemwambia mwezi huu. Usiniaibishe.

Dada yako,
Yustina