Kisufuria cha Pembeni

Jumapili, 24 Agosti

Tumefika. Foleni ya magari kutoka barabara ya lami hadi lango la tamasha imekula mchana mzima, vumbi limeingia mpaka kwenye meno, lakini tumefika — na Baba yuko nami. Nilidhani njiani angenigeukia aseme nimrudishe nyumbani. Hakusema. Alikaa tu na kofia yake, akitazama jangwa kama mtu anayekagua malisho ya jirani. Mwishowe akasema hapa hata kondoo mjinga asingeingia.

Hema limesimama. Turubai la jikoni limesimama. Tobin kapigilia vyuma virefu ardhini, upepo uje tu. Tobin ni fundi magari wa Sacramento, mkubwa kama mlango, na kila mwaka tunapika pamoja. Wa tatu ni Cilla, mwalimu mstaafu, miaka ishirini hajagusa hata asali. Kambi yetu ni ndogo na sheria yake ni moja: jikoni hakiingii kitu kilichotoka kwa mnyama. Nyama, mayai, jibini, siagi — hapana.

Na mimi nimewaletea mfugaji wa kondoo!

Cilla kaniuliza kwa sauti ya chini kama Baba anajua. Anajua. Wanadhani naogopa hatakula chakula chetu. Mimi naogopa hatakula kabisa. Tangu Mama afariki mwezi wa nne anaishi kwa kahawa nyeusi na biskuti za chumvi. Mkanda kautoboa tundu jipya kwa msumari. Daktari wake hakuzungukazunguka: akiendelea hivi, baridi ya mwaka huu haimalizi.

Ndiyo maana aliposema anataka kuja nilikubali kabla hajabadili mawazo. Kasikia kwangu habari za hekalu la mbao, lile watu wanamoweka vitu vya marehemu wao, kisha linachomwa Jumapili ya mwisho. Amekuja na mwiko wa Mama. Kauviringisha kwenye taulo la jikoni. Kalala nao hata sasa.

Lakini kalala. Anakoroma. Nashukuru.

Jumatatu, 25 Agosti

Asubuhi nimemwonyesha sanduku la barafu. Najivunia sanduku langu! Maharagwe, dengu, supu ya maboga — vyote nilivipika nyumbani, nikavigandisha kwenye mifuko bapa, vikapangwa kama vitabu. Vinalindana baridi vyenyewe, na kila siku unatoa mfuko mmoja unapasha moto. Chakula cha wiki nzima. Baba katazama, kasema mpangilio ni mzuri. Kuhusu kula hakusema kitu.

Mchana dengu. Kapokea sahani, kashukuru kwa heshima zote, kachezea kijiko. Hakula.

Sasa hapa kubakiza chakula ni balaa. Hakuna jalala. Maji ya vyombo hayamwagwi ardhini, mabaki hayazikwi, kila ulichokuja nacho unaondoka nacho. Kwa hiyo sahani zinarambwa, watu wazima na akili zao, ulimi mpaka ukingoni. Sahani ya Baba ilibidi Tobin aile. Ya jioni pia kaila. Cilla anasema tukimaliza wiki hii itabidi Tobin afungwe juu ya gari pamoja na mahema.

Nilicheka, kisha nikaenda nyuma ya gari nikalia kidogo.

Mama angejua la kufanya. Siku nilipoacha nyama, miaka ile, Baba alinitania mpaka nikachoka: majani ni ya kondoo, mwanangu, wewe ule kondoo. Mama hakubishana na mtu. Tangu siku hiyo kila alipopika maharagwe yetu na soseji za pilipili, kando ya sufuria kubwa kulikuwa na kisufuria changu kisicho na soseji. Baba alikiita kisufuria cha wagonjwa. Na Mama alikijaza kidogo sana! Nikifika mezani nakikuta nusu. Sikulalamika hata siku moja, ila nilishangaa, maana mwanamke yule hakuwa na mkono wa birika.

Jumanne, 26 Agosti

Tufani ya vumbi tangu saa nne. Hatuonani. Barakoa, miwani, kukaa.

Miguu ya Baba imepasuka kwa vumbi hili la magadi. Nimemwosha kwa siki, ndiyo dawa ya magadi. Aliniachia, macho kwenye turubai. Miguu yake imekuwa myepesi mkononi kama ya mtoto. Kahawa mbili. Biskuti tatu. Sahani zake zimeenda kwa Tobin, ambaye sasa hacheki.

Jumatano, 27 Agosti

Sijui nianzie wapi. Sanduku ni tupu.

Tulikwenda mimi, Cilla na Tobin kuchukua barafu — kitu pekee kinachouzwa hapa. Vingine vyote watu wanapeana bure. Tumerudi tukamkuta Baba amekaa kando ya njia kwenye kiti changu, kofia kichwani, sanduku letu miguuni liko wazi. Mbele yake msichana mwenye mabawa ya karatasi anaondoka na mfuko wa mwisho wa maharagwe, anamrushia busu.

Kagawa vyote! Dengu, supu, vyote. Na jibini langu la korosho!

Yeye alikuwa ametulia kabisa. Ameeleza kwamba tangu asubuhi watu wanapita wanampa vitu: mmoja kampa limau, mwingine kamsukia kikuku, kijana wa jirani kamtengenezea kiti kilicholegea. Wote wakikataa malipo. Na yeye hana cha kutoa. Kule kwetu mtu haendi kwa watu mikono mitupu. Alipouliza kama ndiyo desturi ya hapa kutoa, wakamwambia ndiyo, toa ulicho nacho. Akatoa alicho nacho.

Nikasema, "Baba, hicho kilikuwa chakula cha watu wanne."

"Watatu," akasema. "Mimi sili."

Kalisema hivyo hivyo, bila uchungu, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Hasira zangu zote zikaishia hapo. Nikaona ni kweli nilichokuwa nakiogopa, na kwamba yeye mwenyewe anakijua.

Tobin kahesabu: mchele, karanga, vitunguu, mkebe wa nyanya. Cilla kasema mwaka wake wa kwanza hapa alikula tango na mkate siku nne na hakufa. Wote wawili wamejitahidi kutomtazama Baba. Naye kaona wanavyojitahidi. Mfugaji yule hajawahi kuacha kundi lake na njaa, uso ulimshuka. Kabla sijalala kaniambia kesho ataenda kutafuta chakula chetu mwenyewe.

Nikamwambia si lazima. Kasema ni lazima.

Alhamisi, 28 Agosti

Katoka asubuhi na sufuria tupu mbili na fimbo. Nimemsihi Cilla amfuate. Jua linaua.

Wamerudi saa nane. Sufuria zimejaa! Wali wa nazi kutoka kambi ya Wahawaii, mboga, mkate mweusi, viazi. Lakini si hilo. Cilla kanivuta pembeni anacheka mpaka machozi yanachora mistari kwenye vumbi la uso wake.

Ni hivi. Baba anaingia kila kambi, anavua kofia, anasema ana watu watatu nyumbani wasiokula chochote cha mnyama, na yeye kawagawia watu chakula chao. Anauliza kama kuna cha kuwapa. Watu wanampa. Kisha haamini! Kambi ya kwanza waliapa kwamba uji wao ni maji na shayiri tu. Baba kaomba kijiko. Kaonja. Kafikiri. Kasema una siagi. Mpishi kabisha, mwisho kakumbuka: kweli, kijiko kimoja, asubuhi. Mtu aliyeishi na mafuta ya kondoo miaka yote huwezi kumficha siagi.

Tangu hapo hakuna sufuria iliyopita bila Baba kuionja. Kila kambi, kijiko. Penye mashaka, vijiko viwili. Penye mashaka makubwa, kakaa kabisa akaletewa bakuli.

"Kala, Lorea," Cilla kaniambia. "Hajui, lakini kala kuliko mimi."

Nimeshika nguzo ya turubai. Ee Mungu, asante.

Tumekubaliana mtu asimwambie chochote.

Ijumaa, 29 Agosti

Katoka tena. Bila kusukumwa! Kabadili shati.

Wamempa jina, kama wanavyompa kila mgeni hapa: Mkaguzi. Wanamwita kutoka mbali. Mkaguzi, njoo uonje hizi chapati za maji, tumezitengenezea maziwa ya shayiri. Kambi moja wamemkaangia nyama ya nguruwe asubuhi, harufu mtaa mzima. Cilla anasema alisimama mbele ya kikaango kwa muda, akasema akirudi na harufu hiyo mdomoni ulimi wake utapoteza kazi. Kapita.

Jioni kakaa nasi, sahani mapajani. Kaanza kulalamika dengu za leo hazina chumvi, na nani kapika. Tobin. Wamebishana kuhusu chumvi kama wazee wa soko. Nami nilitega macho kwenye sahani yake huku najifanya natafuta tochi. Nusu. Kisha robo. Alipomaliza kasita, kaitazama sahani, katutazama sisi — akairamba. Ukingoni mpaka katikati, kofia kichwani.

Tobin kainuka kwenda kufunga kitu kilichokuwa kimeshafungwa.

Jumamosi, 30 Agosti

Leo wanachoma ile sanamu kubwa ya mtu, inayochomwa kila mwaka kabla ya hekalu. Ngoma tangu alfajiri. Baba kasema makelele haya yangewakausha maziwa kondoo wake, akaenda kulala mapema. Sikumlazimisha. Kala wali, mboga, mkate. Na nusu ya tikiti.

Kabla ya kulala kafungua taulo kuutazama mwiko. Umelika upande mmoja, maana Mama alikuwa wa mkono wa kushoto. Kesho asubuhi tunaupeleka hekaluni. Njia inafungwa saa sita.

Jumapili, 31 Agosti

Naandika haraka, nimekaa juu ya ndoo. Ni saa tano na nusu. Tobin na Cilla wako juu ya baiskeli wanatusubiri.

Asubuhi Baba kanikuta naweka maji ya njiani. Kanionyesha gunia dogo la maharagwe mekundu na pilipili nyekundu kavu, kapewa jana. Kashayaloweka usiku bila kuniambia. Kasema tule kwanza. Nikafurahi, nikawasha jiko. Kakaanga vitunguu mwenyewe. Kisha kaniuliza Mama alikuwa anatia nini kwenye kisufuria changu badala ya soseji.

Sikujua. Nimekula miaka yote ile na sikuwahi kumwuliza Mama. Nilisema labda majani fulani.

"Ganda la chungwa," akasema. "Nililitambua lakini sikuuliza. Ningeuliza angejua."

"Angejua nini?"

Kageuka kwenye jiko.

"Wewe ulidhani kisufuria kilikuwa kinafika mezani nusu kwa nini?"

Nimesimama na chupa ya maji mkononi. Kila sikukuu! Kila Krismasi! Anakiita cha wagonjwa mbele za watu, kisha anapita jikoni na kijiko. Na Mama alijua, Baba. Lazima alijua. Mtu gani anapika kisufuria miaka yote hiyo asione kinapungua? Nilimwambia hivyo. Alicheka — sikuwa nimesikia kicheko hicho tangu mwezi wa nne — halafu kikakatika, akafuta uso kwa taulo. Taulo lile lile. Na mwiko ulikuwa tayari ndani ya sufuria.

Sikuona alipoutia. Anakoroga nao. Mkono wake wa kulia haupatani na upande uliolika, basi kauhamishia wa kushoto, anakoroga vibaya, mchuzi unaruka. Cilla kaona. Kashuka baiskeli taratibu, kaenda kwa jirani kuomba chungwa.

Wamepita watu wa zamu na kipaza sauti: mwenye kitu cha kupeleka hekaluni apeleke sasa, njia inafungwa.

"Baba, wanafunga."

"Wafunge. Maharagwe hayajaiva."

Tobin kalaza baiskeli chini. Cilla anarudi, ana chungwa. Baba kachota kidogo, anapuliza, ananinyooshea mwiko nionje kama kuna chumvi. Naacha kalamu, naonja.