Barabara Iliyofagiliwa

Mgwashi, 4 Machi 2024

Mwanangu Evelina,

Bwana akutunze huko Dar. Mimi mzima, ila ukungu huu unanikohoza. Nakuandikia barua kwa kuwa simu siku hizi zina masikio. Mwenyekiti katangaza kuna gari litakuja kupima mashimo ya barabara yetu, na kwamba ni la ofisini kwenu. Mashimo yanapimwa ya nini, kama si kupanua barabara? Wakipanua, kaburi la mama yako lililo kando limekwenda. Niambie kweli.

Baba yako, Silvano

Dar es Salaam, 11 Machi 2024

Shikamoo Baba,

Pole na kikohozi. Hakuna atakayepanua kitu. Gari lina kifaa kinachosoma kila shimo na tuta, nasi tunaichora barabara hiyo ndani ya kompyuta. Kisha humo humo tunaendesha juu yake gari la wagonjwa ambalo bado halijaundwa, tuone mgonjwa atarushwa kiasi gani, ndipo tuchague springi. Gari lenyewe ni la zahanati yenu. Waacheni wapime.

Mwanao, Evelina

Dar es Salaam, 2 Mei 2024

Shikamoo Baba,

Kimya chako natumaini si hasira. Vipimo vimefika, na eti barabara yetu ni laini kuliko lami ya Mombo! Nilimshuku dereva wetu Nikodemo, kwamba kapima kwingine akala posho. Nimemfokea mbele za watu, akaapa mpaka machozi. Sasa nakushuku wewe. Kwa vipimo hivi tutafunga springi ngumu za gari la mjini. Baba, mlifanya nini?

Mwanao

Mgwashi, 9 Mei 2024

Marahaba mwanangu,

Kikohozi kimepoa. Mgeni akija si unafagia njia? Niliitisha msaragambo, kijiji kizima tukajaza mashimo udongo na kushindilia. Watu waliona ni heshima kwa wageni. Mimi nilitaka waione barabara nzuri, waende zao, waliache kaburi. Mvua imeshasomba udongo wote. Na bado siwaamini hao mabosi wako. Springi ngumu zina ubaya gani?

Baba yako

Dar es Salaam, 16 Mei 2024

Shikamoo Baba,

Siku ile mama anavuja damu, wewe ulikaa mbele na jirani Danieli kwenye pikapu yake ya springi ngumu. Mimi nilikuwa nyuma, nimempakata kichwa. Kila shimo alilia. Kwenye shimo la kona ya kanisa alinyamaza. Ubaya wake ndio huo, Baba.

Evelina

Mgwashi, 30 Mei 2024

Mwanangu,

Nimelia, sikufichi. Mvua imeyarudisha mashimo yote isipokuwa hilo la kona. Liko karibu na kaburi, kwa hiyo nililijaza mawe kwa mikono yangu. Leo nimeyang'oa kwa sururu, yote. Wapitao wanadhani nimerukwa na akili.

Mwombe radhi Nikodemo, umwambie mkosaji ni mimi. Mje mpime upya. Na gari la wagonjwa likiisha kuundwa, kabla hajapanda mgonjwa yeyote, nitalala mimi pale nyuma, nawe unipakate kichwa. Tukipita kona ya kanisa ndipo nitaiamini kompyuta yako.

Baba yako, Silvano