Kikohozi cha Pilipili

Sydenham, Durban
Juni 1998

Mama Keza,

Baridi iliingia Jumamosi iliyopita. Upepo wa kusini ulianza alfajiri, ukang'oa shuka kwenye kamba, na ilipofika saa nne vidole vyangu vilikuwa havikunjiki. Nikasema ni leo. Tusipochuma leo, pilipili zilizobaki zitasinyaa mtini zikiwa bado za kijani. Nikachukua beseni lako la bluu nikaingia bustanini peke yangu.

Zimezaa, dada yangu. Zimezaa kupita kiasi. Mwaka jana tulipalilia wawili, tukamwagia maji ya kuoshea mchele kila jioni, tukapata debe moja na nusu. Tangu ulipoondoka sijashika jembe. Majani yamepukutika karibu yote, lakini pilipili zimejaa kwenye vijiti vikavu, nyekundu, zote zimetazama juu. Tawi moja limevunjika kwa uzito. Aunty Devi alitoka jikoni kwake akasimama kuzitazama. Unamjua mwenye nyumba wetu, kimya si tabia yake. Akasema mti usiotunzwa ukizaa hivyo, basi umejua kwamba unakufa. Akaingia ndani akafunga mlango.

Nilichuma hivyo hivyo. Lakini sikuandikii kwa ajili ya mavuno. Kuna jambo lilitokea siku ile, na hakuna mtu mwingine ninayeweza kumwambia lilianzia wapi. Wewe unajua. Tulilianza pamoja.

Nakumbuka ulivyoingia kwenye chumba hiki cha uani, umembeba Keza mgongoni ingawa alikuwa mkubwa wa miaka kumi na moja, kwa sababu viatu vyake vilikuwa vimeishia njiani. Mimi mtu wa Tanga, nimekuja kufanya biashara. Wewe umetoka Bujumbura umekimbia vita. Nilikuonyesha upande wako wa chumba, nikadhani utalala siku tatu. Kesho yake nilikukuta nje unachimba. Ukaniambia, "Mwanaidi, hapa iko udongo muzuri hivi, na wewe unaangalia tu?" Mbegu ulimwomba Aunty Devi kwa ishara, ukanyoosha kidole kwenye pilipili zake na ukaweka mkono juu ya moyo. Alicheka mpaka akakaa chini.

Na kuchoma ulinifundisha wewe. Kwetu tunaziweka kwenye ndimu na chumvi, juani. Wewe ulitaka bati, jiko la mkaa, na moto usio na haraka, mpaka ngozi iwe na malengelenge meusi. Ndipo tunatwanga na kitunguu saumu, tunatia kwenye chupa za kuuza. Moshi wake! Hauna adabu moshi ule. Majirani walifunga madirisha, Aunty Devi alitupigia kelele kwamba tunataka kumuua yeye na kasuku wake, na sisi tumejifunga khanga puani, tunakohoa, tunacheka, tunakohoa tena. Wanawake wa Kizanzibari wa Chatsworth walikuwa wanazisubiri chupa zile kuliko wanavyosubiri achari yangu.

Ulikuwa unakohoa hata kabla ya siku ile. Mimi najua na wewe unajua. Lakini moshi ule ndio uliokipa kikohozi chako jina. Wiki mbili baada ya kuchoma, mkaa umeshakuwa majivu na chupa zimeshaondoka, bado unakohoa, na kila nikikutazama unasema, "Ni pilipili tu, Mwanaidi. Uache." Nikaacha.

Halafu ile siku ya kufua. Nilitoa kitambaa chini ya mto wako nikaiona damu. Ulikuja ukakichukua mkononi mwangu taratibu, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu. Ukasema wakijua, watu hawatakula tena kitu kilichotoka mikononi mwetu. Aunty atatutoa. Na hospitali wataanza kuuliza makaratasi. "Keza asijue," ukasema. Ningeweza kukataa. Nilikuwa na afya, nilikuwa na ulimi. Lakini, dada yangu, leo sina sababu ya kukudanganya: sikunyamaza kwa ajili yako peke yako. Niliogopa na mimi kukosa chumba. Niliogopa chupa kurudishwa. Nikakiloweka kitambaa kwenye maji ya chumvi, nikasugua mpaka maji yakawa meupe, nikakianika katikati ya nguo nyingine ili kisionekane.

Agosti nilipokupeleka hospitali ulikuwa mwepesi kiasi kwamba dereva wa teksi alikuinua kwa mkono mmoja. Daktari aliuliza kwa nini hatukuja mapema. Nikamjibu kwamba tulidhani ni moshi. Keza alikuwa amesimama pale pale, ameshika mfuko wenye sahani yako na kikombe chako. Alinitazama nilipojibu hivyo. Nilidhani ni kwa sababu ya huzuni.

Basi rudi nami Jumamosi ile.

Niliwasha jiko kama saa nane mchana, ukutani ambako upepo haufiki. Keza alikataa kusaidia. Amekuwa mrefu, ungeshangaa, sasa ananipita mabegani. Alikaa mlangoni na sweta ya shule ameivuta mpaka machoni, akanitazama tu. Nilichoma bati la kwanza, la pili, la tatu. Moshi ulinishika koo, nikakohoa, kama mtu yeyote. Nikamaliza. Nikaondoa bati. Upepo ukafagia uwanja wote, hewa ikawa safi kabisa, unaweza kunusa bahari. Na mimi bado nakohoa.

Keza akasema, "Tantine, moshi umekwisha."

Sikufikiri. Wallahi sikufikiri. Nikamjibu, "Ni pilipili tu."

Maneno yako, kwa sauti yako, mpaka ile namna yako ya kupunga mkono. Nilisikia jinsi yalivyotoka nikatamani kuyarudisha. Mtoto alisimama. Aliingia ndani, akatoka na mto wangu, akaugeuza mbele yangu. Kitambaa changu kikaanguka kwenye majani makavu. Sikujua kwamba anajua. Kumbe wiki tatu nzima alikuwa ananisikiliza, kila asubuhi anaangalia kitambaa nikienda kuoga, kisha anakirudisha kama kilivyokuwa.

"Mama pia alisema hivyo," akaniambia. "Hivyo hivyo."

Akachukua ndoo ya maji akaimwaga yote kwenye jiko. Mvuke ukapaa pamoja na majivu, beseni likapinduka, pilipili zikatapakaa tope. Nikainua mkono nimpige. Nisamehe. Niliuinua kabisa. Lakini kikohozi kikanikamata katikati, nikainama nimeshika magoti, na kilipoisha yeye ndiye aliyekuwa amenishika mgongo. Hakulia. Eish, mtoto wako halii, na hilo ndilo linanitisha kuliko yote.

Jumatatu hakuenda shule. Tulishuka kwa miguu hadi kliniki kabla hawajafungua, tukakuta foleni imeshazunguka ukuta. Walinipa kikopo cha makohozi, wakanituma nyuma ya jengo, nje kwenye upepo. Siku ya pili kikopo kingine. Jibu liliposomwa, nesi alizungumza haraka, Kizulu na Kiingereza, na mimi Kiingereza changu ni cha sokoni. Keza ndiye aliyenitafsiria. Miaka kumi na tatu, amesimama kati yetu na begi la shule, ananiambia, "Amesema ni kifua kikuu. Amesema kinapona. Vidonge miezi sita, usiruke hata siku moja." Kama anayesoma orodha ya vitu vya dukani.

Nesi akauliza kama nimewahi kukaa na mtu mwenye ugonjwa huo. Keza alijibu mwenyewe bila kugeuka kunitazama. Nikamwambia amuulize kuhusu chupa, kama nimewadhuru watu wa Chatsworth. Nesi akatikisa kichwa. Haupiti kwenye chakula, akasema, unapita kwenye pumzi. Akauliza tunalala wangapi, chumba kina madirisha mangapi. Moja, Keza akajibu. Huwa wazi? Hapana, lilipakwa rangi likagandia zamani, na wakati wa baridi tunaziba na matambara.

Hapo nesi akamtazama mtoto. Alimtazama mikono, shingo, akasema sentensi moja fupi. Keza hakuitafsiri. Nikauliza amesema nini. Akafunga zipu ya begi lake polepole.

"Amesema na mimi nipimwe."

Mama Keza, chumba kile kile. Kwanza wewe, halafu mimi. Na yeye katikati yetu muda wote, anavuta tulichokitoa.

Sasa kila asubuhi nakwenda kumeza vidonge mbele ya nesi, anataka kuona mdomo mtupu. Mkojo unatoka mwekundu. Mara ya kwanza nilipiga kelele, Keza akanieleza kwamba ni dawa. Kazi ya chupa nimeisimamisha. Aunty Devi nilimwambia mwenyewe, jikoni kwake, nimesimama mbali. Nilikuwa nimeshafunga nguo zetu kwenye mfuko. Jioni alikuja na patasi na nyundo ya mumewe, akalibandua dirisha letu lote, rangi ikaruka mpaka kitandani. Lakini vikombe vyetu amevipaka rangi ya kucha chini ili visichanganyike na vyake, na kasuku amehamishiwa chumba cha mbele. Simlaumu. Baridi inaingia moja kwa moja kupitia dirisha lile, tunalala na makoti.

Alhamisi Keza alipigwa eksirei. Majibu ni Jumatatu, keshokutwa.

Na jana, alipotoka shule, aliingia kuoga akafungua bomba. Nilikuwa nje naokota zile pilipili za tope, zimeanza kuoza. Maji yalitiririka muda mrefu. Nikasogea karibu na ukuta. Anakohoa. Anakohoa na bomba limefunguliwa kwa nguvu ili nisisikie. Nani alimfundisha kama si sisi?

Nikagonga. Maji yakafungwa. "Ni mafua, Tantine," akasema.

Nikakaa chini pale mlangoni kwenye saruji, nikamwambia kila kitu. Nilimwambia kupitia mbao, kwa sababu nisingeweza mbele ya macho yake. Kuhusu kitambaa chako. Kwamba nilikiona, kwamba nilikifua kwa mikono yangu, kwamba kwa daktari nilisema uongo. Nilimwambia uliomba asijue, na kwamba mimi nilikubali kwa kuogopa kukosa mahali pa kulala. Sikukubebesha yote wewe. Yangu nimeyabeba.

Kisha akauliza, "Ulijua tangu lini?"

"Tangu Juni."

Alihesabu. Nilisikia midomo yake ikihesabu. Juni, Julai, Agosti. Kutoka siku ile mpaka siku uliyokufa. Nilingoja anitukane. Nilingoja aseme anaondoka, anakwenda kwa watu wa kanisa lenu kule Pinetown, na ningempa nauli.

Alifungua mlango. Macho makavu, uso umelowa maji ya bomba. Alikaa kwenye saruji, si karibu nami, mbali kidogo, mgongo ukutani. Hakusema amenisamehe, na sidhani amenisamehe. Alikaa hivyo mpaka kikohozi kikamjia tena. Nilimwona anatazama bomba. Halafu hakuinuka, akakohoa pale pale mbele yangu, kwa nguvu, mpaka mwisho. Akafungua kiganja akakitazama, akanigeuzia na mimi nikione.

Mate tu. Meupe. Sijui maana yake. Sijui kama ni mapema mno au kama Mungu ametuonea huruma. Nesi amesema kiganja hakijui kitu, tusubiri picha.

Basi ninakuaga hapa, dada yangu, mkono umechoka na mwanga unaondoka. Lala kwa amani upande wako wa kilima, na ukiwa na neno huko uliko, usiniombee mimi kwanza. Jumatatu tutaingia wote wawili. Nesi atasema, na Keza atanitafsiria, na chochote kitakachosemwa kitasemwa kwa sauti. Kama ni vidonge, atameza mbele yangu nami nitameza mbele yake. Kama ni kibaya zaidi ya hapo, ataambiwa siku ile ile ambayo mimi nimeambiwa. Sitamficha mtoto wako kitu tena, na wala wewe sitakuficha. Hilo nakuahidi.

Mwanaidi